Kengele ya Mzee Mwadime

Babu yetu, Zakayo Mwadime,
aliibiwa baiskeli soko la Burma
huku akibishana na muuza nyama kuhusu bei ya matumbo.
Kufuli hakuwa nayo.
"Kufuli humfanya mwizi adhani una kitu," alisema.
Alichofanya yeye, kila akiegesha,
ni kufungua kengele na kuitia mfukoni
kama tajiri na ufunguo wa gari lake.

Basi mwizi akaenda na baiskeli,
Babu akarudi Makongeni na kengele.
Kwa miguu, kando ya barabara ya Jogoo,
akiipiga: kriing! kriing!
Na watu wakampisha,
wasukuma mikokoteni, akina mama wa sukumawiki,
hata mlevi mmoja wa saa sita mchana, aliyempigia saluti.
Nyumbani akapangusa jasho, akamwambia Bibi:
"Leo imekimbia vizuri. Nimeipunguza uzito."

Bibi Wakesho alimnunia siku mbili.
Ya tatu, akisonga ugali,
tukaona mabega yanatikisika.

Tangu hapo kengele ilikaa mezani
kati ya chumvi na pilipili,
ikawa ndiyo sheria ya nyumba.
Ukidanganya, kriing.
Ukilalamikia mboga, kriing.
Shangazi Mkamburi akianza,
"Mimi si mtu wa kusengenya, lakini..."
kriing, kriing, kriing!

Mwenyewe alikuwa mwongo kutushinda sote.
Alituapia kwamba zamani, huko Athi River,
alimwongoza simba kuvuka reli,
na simba akamwambia asante kwa Kitaita.
Kwenye drafti alificha kete zetu chini ya ulimi
akashinda kimya kimya, mashavu yamemtuna,
nasi tukinyoosha mikono kuisaka kengele,
kumbe ameikalia.

Lakini usiku mmoja nilitoka kunywa maji
nikamkuta peke yake mezani,
mshahara wa karakana umechelewa mwezi wa pili,
anapanga sarafu, anazipangua, anazipanga tena.
Kengele ilikuwa kiganjani, ameibana isilie.
Aliponiona akaigusa kidogo tu, kring,
akanong'ona:
"Nimejidanganya hapa. Nenda kalale."

Mwaka wa mwisho, wodini,
daktari kijana alimwinamia akamwambia,
"Mzee, utapona, wiki ijayo uko nyumbani."
Mkono wa Babu ukaanza kupapasa shuka,
ukitafuta.

"Msinisafirishe hadi Taita," alikuwa ameagiza.
"Maiti hulipa nauli kamili
na hapewi kiti cha dirishani."
Kwa hiyo tukamzika Lang'ata, juani,
na binamu yake Mwakio akateremka kutoka Wundanyi
na hotuba ya kurasa sita.
Wa kwanza tulivumilia.
Wa pili akasoma:
"Marehemu alikuwa mtu mtulivu, asiyependa mzaha..."

Kriing!

Tukageuka sote.
Bibi Wakesho, leso nyeusi, uso kama jiwe la kusagia,
mkono mmoja umezama ndani ya mkoba.
Mchungaji alikohoa hadi akatoa machozi.
Wachimba kaburi waliegemea koleo zao wakigugumia.
Mimi sijui nilicheka au nililia,
kamasi ni ile ile.
Mwakio akakunja kurasa nne zilizobaki
akaketi, naye, Mungu ambariki, akitabasamu.

Usiku ule stima ilipotea Makongeni nzima.
Tulikuwa tumebanana sebuleni, hakuna anayesema,
kochi lake na shimo la umbo lake likiwa tupu.
Mara, kutoka jikoni, gizani,
kengele ikalia. Mara moja. Taratibu.

Hakuna aliyeuliza ni nani.
Shangazi akakunja miguu,
mtoto wa Wawuda akavuta stuli yake,
nami nikajibana ukutani.

Tukampisha.